Kioo gani kwa mshonaji? Maswali ninayoulizwa kuhusu miwani, lenzi na taa za kukuzia

Nashona Mikindani, Mtwara, barazani, na meza yangu iko mahali ambapo kila apitaye lazima anisalimie. Akishasalimia anaona kioo kinachoning'inia shingoni mwangu, kisha anaona kingine kichwani, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Anayedarizi kofia anauliza, anayetunga shanga za kiunoni anauliza, fundi cherehani wa Chikongola naye anapanda daladala kuja kuuliza. Nimeamua kuyaandika majibu ili sindano isiwe inasimama kila saa.

Mimi si daktari wa macho. Nina miaka 54, nashona tangu usichana wangu, na katika sanduku langu vioo nilivyonunua kwa pupa ni vingi kuliko ninavyovitumia.

Zamani nilitunga uzi nikiwa nimesimama. Siku hizi nanyoosha mkono mpaka mwisho na bado tundu silioni. Nimepatwa na nini?

Umepatwa na umri, fundi mwenzangu. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayojitunisha unapotazama cha karibu na kubapa unapotazama cha mbali. Miaka inavyokwenda inakakamaa, na wengi hulitambua hilo wakifika 40 hivi. Si husda, si koroboi uliyoshonea utotoni, wala si adhabu ya kushona usiku. Mkulima wa korosho wa Newala asiyejua hata sindano inashikwaje naye yanampata hayo hayo, ila yeye anachelewa kugundua maana korosho ni kubwa kuliko tundu la sindano. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hili.

Nalitanguliza kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakiacha kazi ya mkono wakiwa na miaka 45. Wanasema macho yamekwisha, wanahamia kwenye maandazi. Kule Bangladesh watafiti waliwapa miwani ya karibu watu wa kazi za mikono wa vijijini, na matokeo yaliyotolewa 2024 yalionyesha kuwa baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa kimezidi cha wenzao wasiopewa kwa theluthi moja hivi. Miwani tu, ile ya kawaida ya kusomea.

Basi ninunue kioo gani kwanza?

Kwanza usinunue. Hamisha kiti.

Jicho la mtu wa miaka 60 linaingiza takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa 20. Kwa hiyo kona ya chumba iliyokutosha ulipoolewa leo ni giza, na ukiweka lenzi gizani unakuza giza. Nusu ya wanaokuja kwangu kutafuta kioo nawakalisha mlangoni, kivulini, jua likiwa nje na wao ndani, nawapa kazi yao washone, na wanaondoka bila kununua kitu.

Mwanga utoke upande usio wa mkono wa sindano. Ukishonea mkono wa kulia, mlango au taa iwe kushoto, la sivyo kivuli cha mkono wako kinakaa juu ya mshono. Jua lenyewe lisipige kitambaa, hasa kitambaa cheupe, maana linarudi machoni na kuyafanya yafumbe. Usiku, taa ndogo ya LED iliyo karibu na kazi, chini ya usawa wa macho, inasaidia kuliko balbu kubwa iliyoko darini. Darini mwanga unafika umechoka.

Kisha kuna mapajani. Ukishona kofia nyeupe yenye vitundu, tandika kaniki mapajani, utaona kila kitundu kimejichora. Ukishona kaniki au baibui, tandika kitambaa cheupe. Hili halina gharama na watu wanalidharau kwa sababu hiyo hiyo.

Namba za miwani ya kusomea zina maana gani? Muuzaji aliniuliza "plasi ngapi" nikabaki namtazama.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Namba hiyo inaitwa dayopta, na kwa mshonaji ni kipimo cha umbali. Chukua 100, gawanya kwa namba ya miwani, unapata sentimita. Miwani ya 2.00 inafanya kazi kwenye sentimita 50. Ya 2.50 ni sentimita 40. Ya 3.00 ni 33. Ya 4.00 ni 25. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, hapo ndipo mwisho wa kuona safi; ukisogeza kazi mbali zaidi ya hapo inaingia ukungu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, kaa unavyokaa ukishona. Usijipinde kwa ajili ya kipimo. Mwite mtoto ashike futi kamba apime kutoka kwenye kona ya jicho lako mpaka kwenye ncha ya sindano. Wengi tunadarizi kwenye sentimita 30 mpaka 35, na kwenye cherehani tunakaa 45 mpaka 50. Umeona? Ni kazi mbili zenye umbali mbili. Aliyenunua miwani ya 3.00 kwa ajili ya kofia, akikaa nayo kwenye cherehani lazima ainame, na jioni anasema cherehani linamuumiza mgongo. Cherehani halina kosa.

Hesabu hiyo ni ya jicho lililokakamaa kabisa, la miaka 60 hivi. Wa miaka 45 bado ana nguvu yake mwenyewe na huenda 1.50 ikamtosha kwenye sentimita 40. Kanuni yangu: chukua namba ndogo kuliko zote inayokuonyesha uzi vizuri kwenye umbali wako. Ukichukua kubwa "ili ikae muda mrefu", kama tunavyonunulia watoto viatu, itakuvuta shingo tangu siku ya kwanza. Na kama tayari unavaa miwani ya mbali, hesabu hii peke yake haikutoshi. Namba ya karibu inajumlishwa juu ya ile ya mbali, na hilo afanye mpimaji.

Miwani ya machinga inafaa, au lazima nipimwe?

Kupimwa ni bora, tena mara moja kila miaka miwili ukishavuka 40. Lakini sitajifanya: mimi mwenyewe nina jozi mbili za barabarani na zinafanya kazi. Tatizo la miwani hiyo ni mbili. Inachukulia kwamba macho yako mawili ni mapacha, na wengi wetu si mapacha. Pili, namba iliyobandikwa wakati mwingine si ya kweli.

Kujua kama ni ya kweli kuna njia, nayo naipenda kwa sababu haihitaji chombo. Ingia chumbani, mbali na mlango, penye kagiza. Elekeza kioo kimoja cha miwani nje, kwenye mnazi ulio mbali kwenye jua. Nyuma yake shika karatasi nyeupe. Sogeza karatasi mbele na nyuma taratibu, na ghafla utauona mnazi mdogo umesimama kwa kichwa, makuti chini, shina juu. Unapokuwa mkali kabisa, pima kutoka kioo mpaka karatasi. Ukipata sentimita 40, miwani ni 2.50 kweli. Ukipata 33, umeuziwa 3.00 yenye karatasi ya 2.50. Fanya na upande wa pili. Pande zikitofautiana, mrudishie mwenyewe. Njia hii inafaa kwa lenzi yoyote ya kukuzia, hata ile ya mkononi.

Si kioo kinachokuza mara 10 ndicho bora? Nimeona kinauzwa bei ile ile ya mara 2.

Nacho ninacho. Kiko sandukuni chini kabisa.

Lenzi ikizidi kukuza, vitu viwili vinapungua pamoja: umbali kati yake na kazi, na upana wa sehemu unayoiona. Lenzi ya kweli ya mara 10 inataka kitu kikae kwenye sentimita mbili na nusu. Sindano yenyewe ni ndefu kuliko hapo. Mkono utaupitisha wapi? Ile ni ya sonara anayekagua pete au ya kutazama kama uzi umekatika, kisha unaiweka chini. Kwa kushona, mara moja na nusu mpaka mara 2 inatosha karibu kila kazi, na mara 2 na nusu kwa shanga ndogo sana au kitambaa chembamba cha kuhesabu nyuzi.

Halafu usiamini sana hiyo "mara". Viwanda havihesabu namna moja. Kimoja kinachukua dayopta kinagawanya kwa 4. Kingine kinagawanya kwa 4 kisha kinaongeza 1. Lenzi ile ile ya dayopta 5 mmoja ataiandika 1.25, mwingine 2.25, na wote wawili wana hoja zao. Wa tatu anaandika 10 kwa sababu 10 inauzika. Ukiwa dukani, omba daftari la hesabu lenye vyumba. Shika lenzi juu ya vyumba kwa umbali utakaoutumia, tazama kwa jicho moja ndani ya lenzi na pembeni yake kwa pamoja, uhesabu vyumba vingapi vya nje vinaingia kwenye kimoja cha ndani. Viwili, basi ni mara 2. Muuzaji atanuna kidogo.

Kioo cha kuning'iniza shingoni kinamfaa nani?

Kinamfaa anayekaa na kazi mapajani: kofia, darizi ya shingo ya kanzu, vitambaa vya kufuma. Ni lenzi pana, yenye kamba ya kupita shingoni na vijiguu viwili vinavyoegemea kifuani, mikono yote ikabaki huru. Kwa kawaida kinakuza mara 2 hivi, na vingine vina kijicho kidogo chenye nguvu zaidi pembeni kwa ajili ya kutunga uzi.

Ndicho nilichokitumia kuliko vyote. Kasoro zake: kinapanda na kushuka ukipumua kwa nguvu au ukicheka, na mimi nashona na watu wanaochekesha. Kwenye cherehani hakifai kabisa, kinayumba na kugonga. Kamba ya dukani inakata shingo. Badilisha, weka utepe mpana wa kitambaa. Ukitaka kitulie, kata urefu wa kamba mpaka vijiguu viguse kifua sawasawa kabla hujainama.

Na kile cha kuvaa kichwani, kama cha fundi saa?

Hiki ndicho chombo cha kazi nzito. Ni mkanda kichwani na bamba la lenzi mbele ya macho yote mawili, unalishusha ukishona na kulipandisha mteja akija. Kwa sababu macho yote mawili yanatazama, unajua kina: unajua sindano iko juu ya kitambaa au imeshaingia. Kioo cha mkononi ukikitazamia jicho moja kinakunyima hilo. Unaweza pia kukivaa juu ya miwani yako ya kawaida.

Mabamba yake yanabadilishwa, na kila moja lina umbali wake. La mara 1.5 linafanya kazi kwenye sentimita 50 hivi, la 1.75 kwenye 35, la mara 2 kwenye 25, la 2.5 kwenye 20, na la 3.5 unashuka mpaka 10. Rudi kwenye futi kamba yako. Anayedarizi kwenye 35 achukue 1.75, wala asione aibu kwamba jirani ana 3.5.

Akina mama wa ushungi wananiuliza mkanda ukae wapi. Juu ya ushungi, si chini yake. Chini unabana masikio na ukitaka kuuvua lazima ufumue kila kitu. Mtandio wa kuteleza unafanya mkanda ushuke puani, kwa hiyo siku za kazi vaa wa pamba. Jasho la hapa kwetu ni habari nyingine. Miezi ya joto kabla ya masika sponji ya mkanda inalowa saa nne asubuhi. Mimi nimeivisha kitambaa cha fulana ninachokivua na kukifua.

Taa yenye lenzi katikati inafaa kununuliwa?

Kama una meza isiyohama na umeme wa kuaminika, ndiyo. Inakupa mwanga na ukuzaji kwa pamoja, na haigusi mwili. Nyingi zina dayopta 3 au 5. Chukua 3. Ya 5 inakulazimisha kuinamia.

Angalia mambo machache. Kibanio chake kiweze kuishika meza yako wewe. Meza zetu nyingi za mbao zina ukingo mnene na kibanio hakifungi. Mkono wa taa ukishausimamisha usishuke wenyewe. Na umeme: zile za kuchomeka kwa waya wa simu zinaweza kutumia pawabenki, kwa hiyo umeme ukikatika Januari ukiwa na sare za shule mezani hukwami.

Watu wanachanganyikiwa kuhusu miwani na taa hii. Ukiiweka kazi pale hasa lenzi inapotaka, inabidi utazame bila miwani ya kusomea, kama unayetazama mbali. Ukivaa miwani ya kusomea, shusha lenzi ikaribie kitambaa zaidi. Jaribu zote mbili, usikae na ile inayokupa maumivu ukidhani ndivyo ilivyo.

Vile vilenzi vya kubana kwenye miwani?

Vizuri kwa anayevaa miwani muda wote na anataka msaada wa dakika chache: kifungo, pindo. Vinaongeza uzito mbele na miwani inateleza. Sina zaidi.

Simu yangu inakuza vizuri. Nishonee hiyo?

Kushonea hapana. Picha kwenye kioo cha simu inachelewa kidogo nyuma ya mkono wako, na kuchelewa kwa nukta moja kunatosha kujichoma kidole. Lakini kukagua, simu ni fundi mkuu. Piga picha ya mshono, ikuze, hesabu nyuzi. Mteja akileta kofia ya babu yake anataka ishonwe kama ile, mimi naipiga picha karibu, nakuza, nasoma mpangilio wa vitundu huku nimekaa. Kufumua mshono mweusi kwenye kitambaa cheusi pia: piga picha na taa ya simu kwanza, ujue uzi unapita wapi, ndipo ushike kiwembe.

Na kadi nyembamba ya plastiki inayokuza?

Ile yenye mistari ya mviringo ni wazo la Mfaransa Augustin Fresnel, aliyebuni lenzi za namna hiyo kwa minara ya kuongozea meli katika miaka ya 1820. Kwa meli ilikuwa baraka. Kwa kitambaa, kadi hiyo inaonyesha kama unatazama ndani ya maji yaliyotikiswa. Isomee bei za vifungo tu.

Nashonea cherehani muda wote. Nini kinanifaa?

Miwani ya umbali wa cherehani, ile ya sentimita 45 mpaka 50, na taa ndogo iliyoelekezwa kwenye sindano. Basi. Kuna vilenzi vya kufunga kwenye kichwa cha cherehani mbele ya sindano, na faida yake hasa naiona ni kinga: sindano ikikatika kwenye jinzi, kipande kinaruka, na plastiki iko kati yake na jicho. Usivae chombo cha kichwani cha mara 2 na kuendelea kwenye cherehani. Utasogeza uso mpaka karibu na sindano bila kujua.

Shida yangu ni kutunga uzi tu. Nikishatunga, naona.

Basi usinunue lenzi. Kata uzi mshazari kwa mkasi mkali, usiulambe kwanza, mate yanauvimbisha. Shika uzi ubaki na ncha fupi sana katikati ya vidole, halafu lete sindano kwenye uzi. Nyuma ya tundu weka kitu cheupe, hata kucha. Ukikataa kuingia, geuza sindano: tundu la sindano ya mkono hupigwa kwa mashine kutoka upande mmoja, na upande mmoja mara nyingi ni laini kuliko mwingine.

Sindano ya kudarizi ina tundu refu kuliko ya kushonea ya unene ule ule, kwa hiyo badilisha sindano kabla ya kubadilisha macho. Na kumbuka namba zinapingana: sindano ya mkono namba ikiwa kubwa ni nyembamba, ya cherehani namba ikiwa kubwa ni nene. Kuna pia kile kiwaya chembamba cha kutungia, kinauzwa na sindano. Mama mmoja wa Msangamkuu anatungiwa sindano ishirini na mjukuu wake kila asubuhi kabla hajaenda shule, anazichomeka kwenye mto mdogo. Sijaona kifaa kinachomshinda huyo mtoto.

Nikivaa kioo kichwa kinauma na nahisi kizunguzungu.

Mara nyingi kioo kina nguvu kupita umbali wako, au kimekaa upande. Punguza namba. Siku za mwanzo vaa robo saa, pumzika, vaa tena. Usisimame na kutembea ukiwa umeshusha lenzi. Ngazi za baraza zangu zimeshamwangusha mtu.

Hata kioo sahihi kinataka mapumziko. Wapimaji wanashauri kila dakika 20 utazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mimi natazama mashua kwenye ghuba. Na pepesa macho, maana anayehesabu vitundu anasahau kupepesa na macho yanakauka.

Eti nikizoea miwani macho yatazidi kuwa mavivu?

Hayazidi. Lenzi ya jicho inaendelea kukakamaa uvae usivae. Unapoona namba inapanda kila baada ya miaka kadhaa, ni umri unaotembea, na kufika miaka 60 na kitu kwa kawaida inatulia. Kinachoonekana kama uvivu ni kwamba umeshaonja kuona vizuri, na ukungu wa zamani huutaki tena.

Lenzi yangu ina madoa ya ukungu na mikwaruzo. Niisafishe vipi?

Pwani hii kuna chumvi hewani na kuna unyevu. Ukifuta lenzi kavu, unasugulia chumvi na vumbi, na nyingi siku hizi ni za plastiki. Mwagia maji kwanza, tone la sabuni laini, vidole, maji tena, kisha kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Kipande cha khanga kuukuu hakina mfano. Usitumie petroli, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kitenge kipya nacho hapana, wanga wake unakwaruza. Hifadhi mahali penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana humo ndimo ukungu unapoota.

Na jua! Kioo cha kukuzia kikiachwa juani kinakusanya miale mahali pamoja. Niliwahi kukiacha changu juu ya kanzu mlangoni, nikaenda kuonja mboga. Niliporudi kulikuwa na harufu, na kwenye kifua cha kanzu ya mteja kishimo cheusi cha punje ya mtama. Nilimshonea nyingine. Tangu siku hiyo kila kioo changu kina mfuko wake wa kitambaa, na nikinyanyuka kinaingia mfukoni.

Bibi yangu ana miaka 68. Ameacha miwani, anasema macho yamerudi, anatunga uzi mwenyewe. Tumshukuru Mungu?

Mshukuruni, kisha mpelekeni hospitali. Mtoto wa jicho akianza katikati ya lenzi anaweza kulifanya jicho lione karibu bila miwani kwa muda, huku mbali kunafifia. Muulize kama bado anamtambua mtu aliyeko ng'ambo ya barabara. Mtoto wa jicho anatibika kwa upasuaji, na hakuna lenzi ya kukuzia inayochukua nafasi yake.

Nitajuaje kwamba tatizo langu si la kioo?

Kuna jaribio dogo. Toboa karatasi ngumu kwa sindano nene, funga jicho moja, tazama maandishi madogo kupitia kitobo, kwenye mwanga mwingi. Yakiwa wazi zaidi kuliko bila karatasi, huenda miwani itakusaidia. Yakibaki vile vile au yakiwa mabaya zaidi, usinunue chochote kwanza.

Usingoje pia kama jicho moja limefifia ghafla, kama linauma na kuwa jekundu, kama unaona duara za rangi kuzunguka taa, kama mstari ulionyooka wa mshono unauona umepinda, au kama kope zinachoma jicho. Mwenye kisukari asinunue miwani wakati sukari inapanda na kushuka. Namba yake inabadilika nayo, na miwani ya wiki hii haitamfaa mwezi ujao. Walio Mtwara waanzie Hospitali ya Ligula, walio Lindi Hospitali ya Sokoine, waulizie siku za kliniki ya macho. Nenda na kazi yako mkononi, kofia au kitambaa, na kipimo chako cha futi kamba umekiandika. Mpimaji anapima kwa umbali wa kusoma kitabu. Usipomwambia unashona kwenye sentimita 30, atajuaje?

Pesa za korosho zimetoka, nina za kitu kimoja tu. Kipi?

Unadarizi kwa mkono: miwani sahihi ya karibu. Unayo tayari na bado vitundu vinakuponyoka: chombo cha kichwani chenye bamba la 1.75. Kazi yako ni kukagua na kufumua, basi taa yenye lenzi. Cha mara 10 kiache pale pale.

Unauza hivyo vioo?

Siuzi. Lakini njoo uvijaribu, asubuhi, jua likiwa bado halijageuka barazani. Njoo na kazi yako mwenyewe iliyokushinda, maana kila nikimpa mtu kitambaa changu anasema anaona.